Upana wa Kidole Gumba: Maisha ya Mzee Pima, 1956–2024

Ndugu waombolezaji, kabla sijaanza, kila mmoja ahakikishe ana kijitabu mkononi. Kama jirani yako hana, mwombee kwa vijana wanaogawa, bado vipo. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo, na sababu mtaijua mbele ya safari. Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba, fundi cherehani wa barabara ya sokoni. Mnanijua. Sisomi kwa kuremba sauti.

Kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Pima hata alipokuwa kijana wa miaka thelathini, alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1956, katika nyumba ya pili nyuma ya stesheni ya reli ya zamani. Alikuwa kifungua mimba katika watoto wanne wa seremala na mkewe. Baba yetu hakuwa na pima maji, ile ya mafundi yenye kiputo cha hewa ndani. Alikuwa na gilasi. Akimaliza meza, anaijaza gilasi maji mpaka inakaribia kumwagika, anaiweka katikati ya meza, kisha anamwita mwanawe aangalie maji yanavuka ukingo upande upi kwanza. "Mimi naweza kujidanganya," alikuwa akisema, "maji hayajui kudanganya." Basi mtoto akakua na ugonjwa huo huo. Nyumbani kwetu chakula hakikuliwa mpaka kaka ameweka gilasi mezani na kuinama kuitazama. Tulimcheka mpaka tukachoka, tukazoea.

Kuna jambo moja la utotoni lazima nilitaje, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Bondeni, chini ya kilima cha chuo, palikuwa na kijito ambacho wazee walikiita Mlalaji. Kililala miaka mingi, kikakauka, nyasi zikaota, watu wakafunga mbuzi humo na kusahau. Kisha siku moja kikaamka. Mwezi Novemba 1961 kiliamka saa nne asubuhi, jua likiwaka, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha mbali huko juu ambako sisi hatukuiona. Kilichukua daraja la mbao alilolijenga baba, na mwanamke aliyekuwa juu yake na kapu la nguo. Kaka alikuwa na miaka mitano, amesimama ukingoni na gilasi ya baba mkononi. Maisha yake yote alisema kilichomtisha ni ukimya. Maji yalipita bila kelele, na yule mama naye hakupiga kelele. Aligeuka tu, akamtazama yeye.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, na sekondari hadi 1974. Mwalimu wake wa hesabu, aliyekuwa mkali kama pilipili, aliwahi kumtoa darasani kwa kusema ubao umeinama. Wiki iliyofuata mwalimu akaja na rula, akapima, akamrudisha darasani. Kuanzia hapo wenzake wakamwita Pima, jina likaganda. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha upimaji wa ardhi, akahitimu stashahada mwaka 1978, wa pili katika darasa la watu kumi na tisa. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mkuu wa chuo. Mimi nasema tu.

Tarehe 1 Julai 1978 aliajiriwa katika idara ya mipango miji ya halmashauri yetu. Mji wakati huo ulikuwa barabara moja na vichochoro, na chuo kilikuwa majengo manne juu ya kilima. Ofisi yao ilikuwa chumba kirefu chenye meza za kuchorea zilizoinama, na hilo nalo lilimkera miezi miwili. Alikuwa hodari. Mawe mengi yenye namba mnayoyaona kwenye pembe za viwanja vyenu, yale ya saruji tunayoyaita bikoni, aliyapanda yeye. Aliweza kukuonyesha bikoni iliyofunikwa na takataka miaka kumi, akasema, "Chimba hapo," na ukichimba unaikuta.

Jumatatu, tarehe 14 Mei 1984, alipewa kazi ya kuunganisha karatasi mbili za ramani ya mji, ya mashariki na ya magharibi. Mnisikilize vizuri hapa. Kila karatasi ina ukingo, na ukingo wa moja umerudiwa kwenye nyingine, kama upindo wa nguo. Kanuni ni kukata ukingo mmoja, na kuacha wa pili. Kaka akakata wa mashariki kwa wembe. Akaitwa chai. Alipomaliza chai akarudi, akaona karatasi ya magharibi bado ina ukingo, akaukata na huo. Kisha akaziunganisha, na zikakutana vizuri ajabu, maana nyasi ni nyasi. Mimi fundi cherehani nawaambia, ukikata upindo wa pande zote mbili ukashona, nguo itapendeza kwa macho, lakini mwili hautaingia. Kipande kilichopotea kilikuwa upana wa kidole gumba. Kwenye ramani ile, upana huo ni mita hamsini za ardhi, kutoka kilimani hadi mtoni. Na ndani ya mita hizo hamsini alikuwa amelala Mlalaji.

Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1986, alifunga ndoa na mkutubi wa maktaba ya chuo, wifi yangu, aliye mbele yenu leo. Walikutana alipokwenda maktaba kunyoosha picha zilizopinda ukutani bila kuombwa na mtu. Siku ya harusi aliweka gilasi kwenye meza ya keki, akachomeka karatasi chini ya mguu mmoja, akapangusa mikono, ndipo akala kiapo. Bibi harusi alisema kwa sauti, "Mume wangu anioe mimi kwanza, meza baadaye." Watu walicheka. Mungu aliwajalia watoto watatu, wavulana wawili na binti.

Chuo kikawa chuo kikuu. Wanafunzi walikuja elfu moja, wakaja elfu tano, wakaja elfu thelathini, na mabweni yakabaki yale yale. Kila mwenye ua akajenga chumba, kila mwenye banda la kuku akawahamisha kuku. Ilifika mahali kijana anapanga nusu ya sebule na pazia. Mwaka 2009 madalali wakagundua kitu cha ajabu: kati ya viwanja vya mashariki na viwanja vya magharibi palikuwa na ukanda wa ardhi usio na mwenyewe. Barabara ya huku inaishia nyumba namba arobaini, ya kule inaanza namba arobaini na moja, na katikati yake unatembea hatua hamsini na ushee kwenye nyasi. Ukienda ofisini kuuliza, ramani inakuonyesha nyumba hizo mbili zimegusana kuta. Ardhi isiyo na mwenyewe haikai. Ndani ya miaka mitano zikasimama hosteli kumi na moja, ghorofa tatu tatu, hazina namba, hazina mtaa. Watu wakapaita Katikati.

Kaka alitumwa kupima mwaka huo huo wa 2009. Alipima mara tatu. Kila mara vipimo vya ardhini vilizidi vya kwenye ramani kwa mita hamsini kamili. Alirudi akamwambia mkuu wake wa idara. Mkuu akafunga mlango, akamwambia, "Mzee Pima, aliyelala usimwamshe. Andika kosa la kipimo, weka sahihi, twende tukale." Marehemu aliandika kosa la kipimo, akaweka sahihi. Wasifu wa marehemu siku hizi umekuwa wa kumpaka mtu asali, lakini yeye alinikataza. Alisema, "Kosa la kwanza lilikuwa la wembe. La pili lilikuwa langu. Uyasome yote mawili."

Baada ya hapo bikoni zilianza kumsumbua. Alipanda bikoni kwenye mpaka wa Katikati, siku ya Jumatatu. Ijumaa aliikuta imesogea nusu hatua kuelekea bondeni, imesimama wima, na nyasi zimeizunguka kana kwamba imezaliwa hapo. Alidhani ni watu. Akapanda nyingine, akaizungushia saruji. Nayo ikasogea na saruji yake. Alirudi nyumbani akamwambia wifi, "Mke wangu, ama nimezeeka, ama ardhi inatembea." Wifi akamjibu, "Umezeeka. Kula." Siku hizi wifi hapendi kukumbushwa jibu hilo.

Alistaafu tarehe 9 Agosti 2016. Alipokuwa akifungasha vitu vyake ofisini, alikifungua kitabu cha vipimo alichokitumia tangu chuoni. Ndani yake, mahali pa kuwekea alama ya ukurasa, palikuwa na kipande cha karatasi, kirefu, upana wa kidole gumba. Alikuwa akikitumia kushika ukurasa kwa miaka thelathini na miwili. Akakigeuza. Upande wa pili palikuwa na mstari wa wino wa buluu, unapinda kutoka kilimani hadi mtoni, kwa mwandiko wake mwenyewe. Walinzi walimkuta amekaa kwenye ngazi, boksi mapajani. Alikaa hapo tangu saa tatu mpaka saa nane mchana.

Kuanzia siku iliyofuata, kila siku ya masomo, alikwenda Katikati na gilasi. Alikwenda mchana, wanafunzi wakiwa madarasani, kwa sababu alitaka nyumba ziwe kimya. Nami nilikwenda naye mara moja, na nimekoma. Hakuna mtu, mlango mmoja baada ya mwingine umefungwa, nguo zimeanikwa hazitikisiki. Kuta zinatoka jasho, na mvua haijanyesha miezi minne. Msimamizi wa hosteli ya sita, mama mmoja mpole, alitufungulia vyumba vya chini. Vitanda vyote vilikuwa vimeegemea ukuta mmoja.

"Nani amevisogeza?" nikauliza.

"Hakuna, dada. Kila Jumamosi wanavirudisha. Jumatano vipo hapo tena."

Kaka akapiga magoti, akaweka sikio sakafuni. "Njoo usikilize," akaniambia.

"Sitaki."

"Njoo, mdogo wangu."

Nikasikiliza. Yalikuwa maji, yanapita polepole, karibu sana, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuongea. Nikamwambia msimamizi, "Mama, una bomba linavuja."

"Bomba lilikatwa tangu wiki iliyopita," akasema. "Nami huwa nasikia. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Mwezi Februari 2023 alibisha hodi chumba namba tatu cha hosteli hiyo hiyo ili aombe kuweka gilasi yake, na mlango ukafunguliwa na binti yake. Sisi sote tulijua anakaa bweni la chuo. Kumbe nafasi alikosa, akaogopa kusema. "Baba, umejuaje nipo huku?" Marehemu hakumgombeza. Aliweka gilasi juu ya meza ya kusomea. Maji hayakusubiri hata atoe mkono, yalimwagika yote upande mmoja, juu ya madaftari. Akakunja godoro la mwanawe, akajitwika kichwani, mzee wa miaka sitini na sita, akaanza kutoka. Mlangoni binti akamshika shati. Mwenzake wa chumba alikuwa amekaa kitandani, anawatazama, hajui kinachoendelea.

"Baba, na yeye?" binti akauliza. "Na wengine je?"

Hilo swali ndilo lililomuua kaka yangu. Madaktari wameandika lao kwenye cheti, mimi nasema langu.

Aliandika barua ishirini na tatu. Halmashauri, chuo, wenye hosteli, ofisi za juu na za chini. Alieleza kijito, wembe, chai, sahihi yake, akaomba jambo moja tu: wanafunzi mia nne na kumi na wawili wahamishwe kabla Mlalaji hajaamka. Alihesabu vitanda mwenyewe. Alipata jibu moja, lenye mhuri. Lilisema: "Eneo ulilolitaja halipo kwenye ramani ya mji." Alilisoma, akalikunja, akacheka mpaka akakohoa. Wenye hosteli wao walimfungia mageti. Mmoja alimwambia, "Mzee, unataka kutuharibia jina." Wengine wamo humu, wamekaa viti vya mbele, wameshika leso. Sitawataja. Marehemu alinikataza, na mimi namtii kwa leo.

Alianza kuugua mwezi Juni 2023. Alianza kuinama, kidogo kidogo, kuelekea bega la kushoto, kama mti uliopigwa na upepo wa upande mmoja. Hospitali walimpima masikio, wakampiga picha ya kichwa, wakasema yuko sawa. Muuguzi mmoja, ambaye tunamshukuru kwa uvumilivu wake, alikigeuza kitanda ili kichwa kiwe miguuni. Kesho yake marehemu alikuwa ameinamia bega la kulia. Muuguzi akadhani anafanya mzaha. Wifi alikwenda dirishani, akatazama nje, akatazama kitanda, akaketi. Vyovyote walivyomweka, alikuwa anainamia upande wa Katikati.

Siku za mwisho akili yake ilikuwa timamu kabisa. Aliniita akaniambia, "Kipande kiko kwenye kitabu. Kibandike mahali pake, ukipige picha, ukiweke kwenye kijitabu cha msiba."

"Kaka, tuandike barua nyingine," nikasema.

"Barua wanatupa. Kijitabu chenye sura ya marehemu nani anathubutu kutupa? Kitakaa juu ya kabati miaka kumi. Halafu msibani hakuna anayenyanyuka wakati wasifu unasomwa. Hata mkuu wa idara atakaa mpaka mwisho." Akatabasamu. "Nisamehe, nimekuachia kazi."

Mzee Pima alifariki Jumanne, tarehe 27 Februari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkewe na binti yake wakiwa pembeni. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba. Wifi anasema alipokata roho mwili ulinyooka. Alilala chali, sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Sasa geuzeni ukurasa wa mwisho. Hiyo ndiyo ramani ya mji wetu, na hicho kipande cha katikati, kilichogeuka rangi, ndicho kilichokatwa siku ya Jumatatu ile. Mstari wa buluu ni Mlalaji. Viduara kumi na moja vilivyo juu yake ni hosteli. Kama una mtoto, mpwa, au mpangaji wako anasoma hapa, weka kidole kwenye chumba chake uone kimeangukia wapi. Wataalamu wa hali ya hewa wanasema mvua kubwa zinaanza wiki ya tatu ya mwezi huu wa Machi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulifundishwa. Huku Katikati hakuna ufa wa kuziba wala ukuta wa kujenga. Ni kutoka tu.

Tena kuna gilasi juu ya jeneza. Najua mnaitazama tangu mwanzo, na wengine mmenong'ona. Ni ya baba yetu. Marehemu aliomba iwepo. Jana nilipoiweka hapa uani, juu ya meza hii inayobeba jeneza, maji yalikaa sawa. Leo alfajiri yalikuwa yamevuka ukingo upande wa bondeni, nikachomeka kipande cha boksi chini ya mguu wa meza. Kabla hatujaanza ibada nilichomeka cha pili. Nyumba hii, kwa wasiojua, ni namba arobaini.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wajukuu wanne, wadogo zake wawili, na wanafunzi mia nne na kumi na wawili ambao hadi tunapochapa kijitabu hiki wangali hai. Binti yake amenyoosha mkono pale nyuma, amesimama kando ya lori la jirani yetu, na magodoro yanaweza kuanza kubebwa leo hii hii tukitoka makaburini. Anayetaka kumlilia kaka yangu, akamlilie huko, na kitanda kichwani.

Ee Mungu, umlaze mahali ambapo ardhi imetulia, na utupe sisi miguu ya kuwahi. Amina.